Data Inapogeuka Bila Kuaga: Kutafuta Chanzo cha Matatizo ya Aina za Data

Kosa la aina ya data (namba, maandishi, tarehe na kadhalika) linalopiga kelele halinisumbui sana. Kwiri (swali unaloiuliza hifadhidata) inagoma, skrini inatoa mstari mwekundu, unarekebisha, unaendelea na kazi. Linalonikosesha usingizi ni lile lisilosema kitu: kwiri inapita, majibu yanarudi, ripoti inachapishwa, na miezi miwili baadaye mtu wa hesabu anauliza mbona jumla haziendani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwenye hifadhidata mshindo huo huja mwisho wa mwaka.

Kabla hujagusa SQL yoyote, yaani lugha ya kuulizia hifadhidata, jiulize: nani anageuza? Thamani moja hupita mikononi mwa wengi. Imetoka kwenye faili, ikasomwa na programu, ikakabidhiwa draiva (kiunganishi cha programu na hifadhidata), ikapokelewa na injini ya hifadhidata, kisha ikarudi kwa njia ileile. Kila mmoja ana kanuni zake za kugeuza maandishi kuwa namba, namba kuwa tarehe, tarehe kuwa maandishi. Zaidi ya mara moja nimepoteza siku nzima nikikodolea macho SQL iliyokuwa sawa kabisa, kumbe mgeuzaji alikuwa draiva. Dalili zilizo hapa chini nimezipanga kwa jinsi zinavyoonekana kwa mtu aliyekaa mbele ya skrini, maana hapo ndipo unapoanzia; chanzo hukijui bado.

## Kwiri inagoma papo hapo

Tuseme una jedwali la `wateja` lenye kolamu `namba_mteja` ya aina ya `VARCHAR`, yaani maandishi, na mtu kaandika:

```sql
SELECT * FROM wateja WHERE namba_mteja = 731;
```

Injini nne, yaani PostgreSQL, Oracle, SQL Server na MySQL, zitakupa tabia tatu. PostgreSQL itakataa katakata:

```
ERROR:  operator does not exist: character varying = integer
```

Maana yake ni kwamba haijui namna ya kulinganisha maandishi na namba kamili, na haitakubahatishia. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Hadi toleo la 8.3 lililotoka 2008, PostgreSQL iligeuza vitu vingi kuwa maandishi kimyakimya, kisha mlango huo ukafungwa. Programu nyingi za zamani zilivunjika siku hiyo, na zilizovunjika nyingi zilikuwa na makosa tangu awali. Dawa ni kuweka alama za nukuu: `namba_mteja = '731'`.

Oracle na SQL Server hufanya kinyume cha unavyotarajia. Hazigeuzi 731 yako kuwa maandishi. Zinageuza kolamu nzima kuwa namba, mstari mmoja baada ya mwingine, kwa sababu namba ina cheo kikubwa kuliko maandishi. Kwa hiyo kwiri inaweza kufanya kazi mwaka mzima, mpaka siku mtu anapoingiza mteja mwenye `A15`. Hapo Oracle inatoa `ORA-01722: invalid number`, na SQL Server inatoa kosa namba 245, `Conversion failed when converting the varchar value 'A15' to data type int.` Angalau SQL Server inakutajia thamani yenyewe. Watu hukimbilia kumlaumu aliyeingiza `A15`. Hana kosa, kolamu ni ya maandishi, na yeye ameingiza maandishi.

MySQL nayo haigomi, na hapo ndipo penye hatari. Inageuza pande zote mbili kuwa namba ya aina ya `DOUBLE` (yenye nukta inayoelea) na kuchukua tarakimu inazoziona mwanzoni mwa neno. Kwiri yetu italeta mteja `731`, na `00731`, na hata `731a`. Neno lisiloanza na tarakimu huhesabiwa kuwa sifuri, kwa hiyo hii hapa ni kweli:

```sql
SELECT 'abc' = 0;   -- jibu: 1
```

Onyo lipo, ila halionekani mpaka uandike `SHOW WARNINGS;` mara tu baada ya kwiri. Jijengee mazoea ya kufanya hivyo.

Kuna kosa moja la MySQL linalowachanganya watu kupita kiasi, nalo ni `Truncated incorrect DOUBLE value: 'Asha'`. Unatazama kwiri huioni namba hata moja. Hii hapa:

```sql
UPDATE wateja SET jina = 'Asha' AND hali = 'hai' WHERE id = 9;
```

Kati ya `jina` na `hali` palitakiwa koma. Ukiweka `AND`, MySQL inaelewa kwamba jina liwe jibu la hoja ya kweli-au-si-kweli, na ili kuitathmini inajaribu kugeuza 'Asha' kuwa namba. Ikiwa hali kali ya `sql_mode` (mpangilio unaoifanya MySQL ikatae data mbovu) imezimwa, hupati hata hilo kosa. Unapata mteja anayeitwa 0.

SQL Server ina ndugu yake. `'Jumla: ' + 5` inagoma, kwa sababu alama ya kujumlisha ikikutana na namba inataka kuhesabu, si kuunganisha maneno. Tumia `CONCAT`.

## Inaonekana namba, lakini inakataliwa

Hii nitaikalia kidogo, kwa kuwa ndiyo ninayoulizwa kuliko zote. Umepokea faili, umeipakia kwenye jedwali la muda ambamo kila kitu ni maandishi, sasa unageuza kolamu `kiasi` kuwa namba kamili. PostgreSQL inajibu:

```
ERROR:  invalid input syntax for type integer: "125 "
```

Unasema, ah, nafasi tupu imebaki mwishoni. Unaweka `TRIM(kiasi)`. Kosa lilelile, neno kwa neno.

Ukitulia utaona kuna jambo halikai sawa. PostgreSQL haina shida na nafasi tupu za kawaida pembeni mwa namba. `'125 '::integer`, yaani "geuza kuwa namba kamili", inapita bila hata `TRIM`. Kwa hiyo kilichopo pale mwishoni si nafasi tupu, hata kama kinafanana nayo. Usiyaamini macho yako, tazama baiti:

```sql
SELECT kiasi, length(kiasi),
       encode(convert_to(kiasi, 'UTF8'), 'hex')
FROM   muda_mauzo
WHERE  kiasi !~ '^[0-9]+$';
```

```
 kiasi | length |   encode
-------+--------+------------
 125   |      4 | 313235c2a0
```

`31 32 35` ndizo 1, 2 na 5. `c2a0` ni nafasi isiyovunjika, herufi ya 160 katika Unicode, ambayo hupenda kuja na data iliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti au lahajedwali. `TRIM` haiigusi. Iondoe kwa jina lake:

```sql
UPDATE muda_mauzo SET kiasi = replace(kiasi, chr(160), '');
```

Kwenye MySQL tazama baiti kwa `HEX(kiasi)`, kwenye Oracle kwa `DUMP(kiasi)`, na kwenye SQL Server kwa `CAST(kiasi AS VARBINARY(50))`. Tahadhari moja kwa watu wa SQL Server: `LEN` haihesabu nafasi tupu za mwishoni, kwa hiyo itakuambia 3 pale penye 5. Tumia `DATALENGTH`.

Wakosaji wengine wa aina hii: alama ya BOM (baiti zisizoonekana zinazotambulisha usimbaji) inayojibandika mwanzo kabisa wa faili, hivyo mstari wa kwanza tu ndio unaogoma; koma ya kutenganisha maelfu kama `1,250`; na desimali za Ulaya zilizoandikwa `1.250,75`. Hiyo ya mwisho usiibadilishe kwa `REPLACE` moja ya haraka. Ondoa nukta kwanza, ndipo koma uigeuze kuwa nukta. Ukianza na koma, unabaki na nukta mbili usizojua ipi ni ipi.

Vipi kuhusu pale penye utupu? Maandishi matupu na `NULL` (thamani isiyojulikana) si kitu kimoja, isipokuwa kwa Oracle, ambayo huyachukulia maandishi matupu kuwa `NULL`. PostgreSQL inakataa kugeuza `''` kuwa namba kamili. SQL Server inakubali na kukupa 0, hata ukitumia `TRY_CAST`, ambayo watu huiamini kana kwamba ni kinga ya kila kitu. Ziweke wazi kwa `NULLIF(kiasi, '')` kabla ya kugeuza. Mauzo ya sifuri na mauzo yasiyojulikana ni habari mbili, na wastani utakaotoka utakuwa tofauti.

Na tafadhali, usipime kwa `ISNUMERIC`. Inasema "ndiyo" kwa `'$'`, kwa `'-'`, kwa `'.'` na kwa `'1e4'`. Tangu SQL Server 2012 kuna `TRY_CONVERT`, inayorudisha `NULL` pale ugeuzaji unaposhindikana. Oracle tangu 12.2 ina `VALIDATE_CONVERSION`. PostgreSQL tangu 16 ina `pg_input_is_valid('125', 'integer')`. Zote hizi ni za kutafutia mistari mibovu. Ukizigeuza kuwa njia ya kudumu ya kuingizia data, utakuwa umenyamazisha kengele na kuuacha moto unawaka.

## Nimeshachuja, mbona bado inagoma?

```sql
SELECT *
FROM   majibu
WHERE  aina = 'namba'
  AND  CAST(thamani AS INT) > 100;
```

Mwandishi amejiridhisha kwamba kila mstari wenye `aina = 'namba'` una thamani safi. Ni kweli. Lakini SQL haiahidi kutekeleza masharti ya `WHERE` kwa mpangilio ulioyaandika. Kipanga mikakati cha injini kikiona inafaa kuanza na `CAST` (ugeuzaji wa aina), kitaanza nayo, na itakutana na mistari ambayo ulidhani imeshachujwa. Ndiyo maana kosa hili huja na kuondoka: linatokea seva kuu, halitokei kwenye mashine yako, linatokea Jumatatu baada ya takwimu za jedwali kuhuishwa. Kuweka kichujio ndani ya kwiri ya ndani hakusaidii kwa uhakika, kwani injini inaweza kuikunjua. Kinachosaidia ni `CASE`:

```sql
AND CASE WHEN aina = 'namba' THEN CAST(thamani AS INT) END > 100
```

## Majibu sahihi, mwendo wa kobe

Kolamu ina indeksi (faharasa ya kuharakisha utafutaji), kwiri inatafuta mtu mmoja, lakini injini inapekua jedwali zima. Rudi kwenye mfano wetu wa kwanza. Ikiwa injini inalazimika kugeuza kolamu kuwa namba, indeksi iliyopangwa kwa maandishi haina tena faida, kwa sababu `'731'`, `' 731'` na `'00731'` zimekaa sehemu tofauti kwenye indeksi ilhali zote zinageuka kuwa 731. Kinyume chake hakina madhara: kolamu ikiwa namba na wewe ukaipa `'731'`, MySQL inageuza ile thamani moja tu, na indeksi inafanya kazi.

Kwenye SQL Server ugonjwa huu huja kwa mlango wa nyuma. Kolamu ni `VARCHAR`, lakini draiva inatuma parameta kama `NVARCHAR` (maandishi ya Unicode); draiva ya JDBC, ile ya Java, hufanya hivyo isipoambiwa vingine, na .NET hufanya hivyo ukitumia `AddWithValue` na maandishi. `NVARCHAR` ina cheo kikubwa, kwa hiyo kolamu ndiyo inayogeuzwa. Kwenye msimbo hutaona chochote. Fungua mpango wa utekelezaji, utafute neno `CONVERT_IMPLICIT`; likiwa limeizunguka kolamu yako, mwizi umempata. Taja aina ya parameta waziwazi, au kwenye JDBC weka `sendStringParametersAsUnicode=false` ikiwa kolamu zako kweli ni za `VARCHAR`.

Wakati mwingine mwizi ni wewe mwenyewe. `WHERE muda::date = '2024-03-04'` inageuza kila mstari ili kujibu swali la siku moja. Andika mipaka:

```sql
WHERE muda >= '2024-03-04' AND muda < '2024-03-05'
```

Umbo hili linaponya na ugonjwa mwingine, ule wa ripoti ya mwezi kukosa siku ya mwisho. Ukiandika `BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31'` kwenye kolamu yenye saa, tarehe 31 inageuzwa kuwa saa sita kamili usiku, yaani mwanzo wa siku hiyo. Kila kilichotokea baada ya hapo kinaachwa nje.

## Tarehe

Anza na swali la kipelelezi: siku kubwa kuliko zote kwenye kolamu ni ipi?

```sql
SELECT MAX(DAY(tarehe)) FROM maagizo;
```

Jibu likiwa 12, umeshajua kilichotokea. Mtu alisoma siku kama mwezi na mwezi kama siku. Kila tarehe kuanzia 13 iligoma, ikageuzwa kuwa `NULL` au ikatupwa. Zile za 1 hadi 12 zikapita salama, zikiwa na maana mbovu. Wengi hushughulikia zile zilizogoma na kuzisahau zilizopita, na hizo zilizopita ndizo zinazoharibu.

Kwenye SQL Server kuna mtego ambao hata wazoefu huukanyaga. `'2024-03-04'` inaonekana haina utata wowote. Lakini ukiigeuza kuwa `DATETIME` kwenye kikao (muunganisho na hifadhidata) ambacho lugha yake inatanguliza siku, kwa mfano Kiingereza cha Uingereza, inasomwa kuwa tarehe 3 Aprili. Na `'2024-03-13'` inagoma kwa kosa 242, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Aina mpya za `DATE` na `DATETIME2` hazina tabia hii. Kama umefungwa na `DATETIME`, andika `'20240304'` bila vistari. Umbo hilo halitegemei lugha ya kikao.

Oracle nayo hutegemea `NLS_DATE_FORMAT` (mpangilio wa umbo la tarehe) ya kikao pale unapoiachia igeuze yenyewe. Kwiri inakwenda vizuri kwenye zana yako, inagoma kwenye programu kwa `ORA-01843` au `ORA-01861`, na msimbo ni uleule. Andika `TO_DATE('2024-03-04', 'YYYY-MM-DD')` au `DATE '2024-03-04'`, uachane na bahati nasibu. Kisha kuna hii ya `MM` na `MI`: ya kwanza ni mwezi, ya pili ni dakika. `TO_CHAR(muda, 'HH24:MM')` haitoi kosa lolote. Niliwahi kuona ripoti ya mahudhurio ambamo watu wote waliingia saa 07:03, 08:03, 09:03. Ilikuwa Machi.

Tarehe za ajabu zina asili yake, na ukizizoea zinakuambia njia zilizopitia:

- `1900-01-01`: maandishi matupu au 0 vimegeuzwa kuwa tarehe kwenye SQL Server.
- `0000-00-00`: MySQL bila hali kali, imepewa tarehe isiyoeleweka. Hali kali imekuwa ya kawaida tangu 5.7, ila seva nyingi zilizohamishwa kutoka matoleo ya zamani zimebeba mipangilio yao.
- `1899-12-30`: sifuri ya Access na jamaa zake.
- `1970-01-01`: sifuri ya sekunde za Unix. Mahali fulani `NULL` imefanywa 0.

Ukiona tarehe zote zimerundikana Januari 1970 lakini si siku ya kwanza, hapo sekunde zimesomwa kama milisekunde. 1700000000 ni Novemba 2023. Isome kama milisekunde, unaangukia tarehe 20 Januari 1970. Kosa likienda upande wa pili unapata mwaka wa elfu hamsini na kitu, au injini inakataa kwa kuwa mwaka huo haina nafasi nao.

## Hesabu zinatofautiana kidogo

"Kidogo" ndiyo neno la kushikilia. Tofauti kubwa hutafutwa na kila mtu. Hii ya senti hupuuzwa mpaka ikue.

Kwanza, kugawanya. `5 / 2` ni 2 kwenye PostgreSQL, SQL Server na SQLite, kwa sababu namba kamili kwa namba kamili hutoa namba kamili. MySQL na Oracle zitakupa 2.5. Asilimia inayotoka sifuri kila mara ni dalili ya wazi: `waliofaulu / jumla * 100`, na sehemu ya kwanza imeshakuwa 0 kabla haijafika kwenye mia. Andika `waliofaulu * 100.0 / jumla`. SQL Server inaongeza lake: `AVG` ya kolamu ya `INT` hurudisha `INT`, ikikata kilichobaki, na `SUM` yake hufurika ikivuka 2147483647, hata kama kila mstari mmoja mmoja ni mdogo. Igeuze kuwa `BIGINT` (namba kamili kubwa) ndani ya `SUM`, si nje yake, nje umeshachelewa.

Pili, kufanya namba kuwa kamili. `CAST(2.9 AS INT)` kwenye SQL Server ni 2, inakata tu. PostgreSQL, Oracle na MySQL (kwake `CAST(2.9 AS SIGNED)`) zinakadiria, unapata 3. Lakini MySQL hiyohiyo ukiipa `'2.9'` ikiwa maandishi, inakata na kukupa 2. Na PostgreSQL kwa 2.5 hukupa 3 ikiwa ni `NUMERIC`, na 2 ikiwa ni `DOUBLE PRECISION`, kwa vile huko hukadiria kuelekea namba shufwa. Sitarajii mtu ayakariri haya. Ninachokushauri ni kuandika `ROUND`, `FLOOR` au `TRUNC` mwenyewe, usiiachie `CAST` ikuamulie.

Tatu, `DECIMAL` isiyotajiwa vipimo. `CAST(12.75 AS DECIMAL)` kwenye SQL Server ni 13, kwa kuwa bila vipimo inachukuliwa kuwa `DECIMAL(18,0)`, MySQL huchukua `DECIMAL(10,0)`, yaleyale. Taja vipimo kila mara.

`FLOAT` kwa fedha: usifanye hivyo. Inahifadhi kwa mfumo wa namba mbili, na 0.1 haina umbo kamili humo.

## Namba ndefu inabadilika tarakimu ya mwisho

Kwenye hifadhidata `id` ni 9007199254740993. Kwenye kivinjari ni 9007199254740992. Unabofya, unaambiwa rekodi haipo, au mbaya zaidi, unafunguliwa rekodi ya mtu mwingine. Hifadhidata haihusiki hapa. Namba ya kawaida ya JavaScript ni ya biti 64 za nukta inayoelea, na juu ya 9007199254740991 haiwezi tena kutofautisha kila namba kamili na jirani yake. JSON inayosomwa kwa `JSON.parse` inapita hapohapo. Tuma `id` kama maandishi.

Kwa kulijua hilo, draiva ya `node-postgres` hurudisha `BIGINT` na `NUMERIC` kama maandishi, nayo inafanya vyema. Ila `COUNT(*)` ya PostgreSQL ni `BIGINT`. Ukiichukua na kuandika `idadi + 1`, 5 inakuwa 51. Ukiona idadi imeruka mara kumi na kidogo, tazama hapo kwanza.

## SQLite

Aina ya kolamu kwenye SQLite ni pendekezo. Kolamu ya `INTEGER` itapokea `'12a'` na kuihifadhi ikiwa maandishi bila kulalamika, na kwa kuwa maandishi yote huhesabiwa kuwa makubwa kuliko namba yoyote, `WHERE kiasi > 1000` itakuletea na hiyo `'12a'`. Hesabu aina zilizomo:

```sql
SELECT typeof(kiasi), COUNT(*) FROM mauzo GROUP BY 1;
```

Kwa majedwali mapya ongeza neno `STRICT` mwishoni mwa `CREATE TABLE`. Lipo tangu toleo la 3.37.0 la 2021.

## Sifuri za mbele zimepotea

Karibu kila mara mkosaji ni lahajedwali. Mtu amefungua CSV kwenye Excel "kuangalia tu", akabofya hifadhi. `00731` imekuwa 731, namba ya tarakimu 16 imeishia na 0 kwa sababu Excel hushika tarakimu 15, na misimbo inayofanana na tarehe imekuwa tarehe. Wanasayansi wa jeni waliteswa na hili hadi kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua mwaka 2020 kubadilisha majina yenyewe: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Ilikuwa rahisi kubadilisha jina la jeni kuliko tabia ya programu.

Tarakimu zilizopotea hazirudi kwa `LPAD` (kujazia sifuri mbele), labda kama una hakika urefu wa asili ulikuwa mmoja kwa wote. Rudi kwenye faili halisi.

## Kubadilisha kolamu yenyewe

Umeshajua kolamu ina aina isiyofaa na unataka kuibadilisha. PostgreSQL itakataa ukiagiza tu `TYPE integer`, ikisema kolamu `cannot be cast automatically`, na itakubali ukiongeza `USING kiasi::integer`. Kwa jedwali dogo inatosha. Kwa jedwali linalotegemewa, mimi huongeza kolamu mpya pembeni, huijaza, kisha huigeuza irudi kuwa maandishi na kuilinganisha na ya zamani:

```sql
SELECT namba_mteja, namba_mpya
FROM   wateja
WHERE  namba_mpya::text IS DISTINCT FROM namba_mteja;
```

Ikirudisha mistari sifuri, futa ya zamani. Ikirudisha `00731` upande mmoja na `731` upande wa pili, simama hapo. Jina la kolamu linasema "namba", lakini hakuna atakayejumlisha namba za wateja wawili wala kutafuta wastani wake. Iache ikiwa maandishi, futa `namba_mpya`, na uende ukaweke alama za nukuu kwenye ile kwiri ya mwanzo.